Mpira wa Breki wa Lori la Etienne

Nabintu mwanangu,

Najua bado umenikasirikia. Tangu Jumanne unanijibu "ndiyo papa" na "hapana papa" tu, na leo asubuhi umeninawisha mikono bila kunitazama usoni. Una haki. Nilikupigia kelele mbele ya Bwana Mbewe na mbele ya watu waliokuja kuangalia lori lake, nikakunyang'anya spana mkononi kama mtoto, wewe ambaye unaijua kazi hii kuliko vijana wote wa garaje za hapa kambini Dzaleka. Halafu jana ukasikia nimempigia Mbewe simu na kumwomba akuchukue ukaanze kazi kwake kesho Jumamosi, si baada ya wiki mbili kama tulivyopatana. Mama yako ameniambia ulilia. Ulimwambia, "Papa ananifukuza."

Ni kweli nakufukuza. Lakini sababu si ile unayoifikiria, ndiyo maana nimekaa hapa mlangoni na daftari lako la zamani, alasiri hii, wakati wewe na mama yako mko sokoni. Sitakuandikia habari za kula na kulala. Lilongwe unaifahamu. Tulikaa Chilinde kwa muda kabla hatujarudi kambini, na yadi ya malori ya Mbewe kule Kauma umeshafika mara mbili. Nataka kukueleza kilichonipata Jumanne, na ili ukielewe inabidi nianze mbali, wakati wewe ulikuwa bado mgongoni.

Tulikuwa Uvira. Mimi nilikuwa nimetoka Bukavu na diploma yangu ya ufundi na kichwa kikubwa. Patron mmoja, mfanyabiashara, alikuwa na lori la zamani lililokuwa likipanda milima ya Fizi kuchukua mihogo, maharage na watu. Barabara ile wakati wa mvua ni mitaro miwili na mawe katikati. Lori likiingiza gurudumu moja shimoni, jingine linainuka hewani, linazunguka bure, na mzigo wote unakaa pale siku mbili, abiria wanalala juu ya magunia. Patron akaniuliza kama naweza kufanya kitu. Nikamwambia naweza.

Unajua nilichofanya, kwa sababu ndicho nilichokufundisha. Springi za lori lile zilikuwa ngumu kama mbao. Nilizifungua, nikatoa malame mawili mafupi, yale mabamba ya chuma, kila upande, nikabakiza yale marefu yanayopinda. Jumele, vile vipande vya chuma vinavyoshika ncha ya springi chini ya chassis, nikavitengeneza upya, virefu karibu mara mbili, ili springi ipate nafasi ya kushuka. Nikatoa na kile chuma kinachounganisha upande mmoja na mwingine ili gari lisiyumbe. Nikamwambia patron apunguze mzigo, kwa sababu springi sasa ni laini. Akaitika, hakupunguza. Siku tulipolijaribu, dereva alipandisha gurudumu la mbele juu ya jiwe lililofika magoti yangu, la nyuma likashuka mtaroni, na hakuna gurudumu lililobaki hewani. Yote yalifuata udongo kama miguu ya mbuzi. Sanduku la mzigo lilitulia juu. Watu walipiga makofi. Sijawahi kujisikia vile siku nyingine yoyote, hata siku ulipozaliwa wewe, Mungu anisamehe.

Dereva alikuwa anaitwa Etienne. Mtu wa Fizi, mrefu, aliyeimba besi katika kwaya ya kanisa letu. Pombe alikuwa ameiacha tangu abatizwe, na alikuwa akituchosha kwa kulihubiri jambo hilo. Alikuwa akiniita "docteur". Akirudi safari ananiletea maharage ya kumpa mama yako kabla hajafika kwake.

Siku ile ya majaribio nililala chini ya lori wakati gurudumu la nyuma limening'inia mtaroni. Nikauona mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta ya breki kutoka kwenye chassis hadi kwenye ekseli ya nyuma. Ulikuwa umevutika kama kamba ya kuanikia nguo. Nilikuwa nimeipa springi mwendo mrefu, na mpira nikauacha na urefu wake uleule. Niliugusa kwa kidole. Ulikuwa mgumu, haukuchezacheza hata kidogo. Mpira mrefu zaidi haukupatikana Uvira, ilibidi kuagiza Bujumbura na kungoja siku nne au tano, na patron alitaka lori liondoke kesho yake asubuhi. Etienne aliinama, akanichungulia, akaniuliza chini kuko namna gani.

Nikamwambia, "Itatosha."

Lori lilikwenda safari mbili likarudi salama. Kila liliporudi nilijiambia nitaagiza ule mpira wiki ijayo. Safari ya tatu, likiwa linateremka na mzigo kamili na watu juu, gurudumu la nyuma liliangukia shimo lililokuwa refu kuliko mengine. Mwanamke mmoja aliyeruka akapona ndiye aliyetusimulia. Alisema walisikia kishindo, kisha baada ya muda mfupi Etienne akaanza kupiga honi, na hakuacha. Alipiga honi mteremko mzima, watu wa njiani wakawa wanakimbilia migombani, mpaka lori likafika kwenye kona ya chini na kukosa njia. Walikufa watu wanne pamoja naye.

Nilikwenda na patron kuliangalia lori. Lilikuwa limelala ubavu, kwa hiyo sikuhitaji kuinama. Mpira ulikuwa umekatika karibu na nati yake, mafuta ya breki yamemwagikia ekseli nzima. Patron alikuwa upande wa pili anahesabu magunia. Nilitoa kisu, nikakata vipande vilivyobaki, cha juu na cha chini, nikavitia mfukoni. Tulipovuka mto wakati wa kurudi nikavitupa.

Kesho yake waliniita mbele ya wazee, familia za marehemu na askari mmoja. Wakaniuliza habari za breki, "Fundi, freni ilikuwa mzima?"

Nikajibu, "Ilikuwa mzima."

Abiria mmoja alikuwa amebeba jerikeni ya lutuku, nayo ilipasuka, kabini yote ikanuka pombe. Mtu mmoja akasema basi shofere alikuwa amelewa, amelalia usukani, ndiyo maana honi haikuacha kulia. Mimi sikusema alikuwa amelewa, lakini niliwaacha waseme. Nilikaa pale na mikono yangu juu ya magoti, nikasikia neno lile likipita kutoka mdomo hadi mdomo, na lilipomaliza kuzunguka lilikuwa limeshakuwa ukweli.

Etienne alizikwa bila kwaya. Wenzake walikataa kumwimbia mlevi aliyeua watu. Wiki ileile ndugu za abiria waliokufa walikwenda kwake kutafuta mtu wa kulipizia kisasi, na yeye alikuwa ameshalala kaburini, kwa hiyo walimkamata mdogo wake, kijana wa miaka kumi na sita, wakamvunja mguu kwa mchi wa kutwangia.

Kijana yule ni Wilondja. Ndiyo, huyuhuyu unayemsalimia, anayeuza dagaa wa usipa na kuchechemea, ambaye ulikuwa unaniuliza ulipokuwa mdogo kama alizaliwa hivyo. Na mjane wa Etienne ni Mama Sifa, aliyekushonea sare zako zote za shule.

Mama yako nilimwambia siku tatu baada ya mazishi. Alikuwa amekubeba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakuzungusha kutoka mgongoni hadi kifuani, akasema, "Tunyamaze kwanza. Tuko na mtoto." Ile "kwanza" yake ina miaka zaidi ya ishirini. Simlaumu. Angesema niende kwa wazee, ningepata sababu nyingine ya kunyamaza.

Vita vilipotufukuza tukavuka ziwa, tukapita Tanzania, tukaingia huku Malawi. Nilidhani nimeacha kila kitu nyuma. Mwezi wetu wa pili Dzaleka, nikiwa kwenye foleni ya chakula, mwanamke akanishika bega kwa nyuma. Alikuwa Mama Sifa. Alilia kwa furaha. Aliwaambia wanawake wenzake, "Huyu njo alikuwa fundi wa bwana yangu. Bwana yangu alimupenda sana." Tangu siku ile hajawahi kukubali nimlipe nguo hata moja. Shati nililovaa sasa ninapokuandikia amelishona yeye.

Wilondja alifika baadaye. Yeye hakulia. Siku moja alinikuta peke yangu kwenye garaje, akasimama karibu na mashine ya kuchomelea, akaanza habari za lori la kaka yake, "Fundi, we njo ulikuwa unatengeneza ile kamio. Kaka yangu hakuwa anakunywa. Kuko mutu anajua. Freni ilikuwa mzima kweli?"

Nilikuwa na nafasi, Nabintu. Hapakuwa na askari wala umati, tulikuwa sisi wawili tu. Nikamwambia ilikuwa mzima. Akasema siku atakapomjua mtu aliyemharibia kaka yake jina, hatamuuliza swali la pili. Halafu akaenda zake na ndoo yake ya usipa. Kuanzia hapo, kila nikisikia hatua ya mguu mmoja mzito nje ya ua, naacha ninachofanya mpaka ipite.

Sasa Jumanne. Mbewe alituletea lori lake kwa sababu mashamba ya nyuma ya Madisi hayafikiki tangu mvua zianze, na mimi nilikubali kazi ile kwa sababu ilikuwa njia ya wewe kuajiriwa kwake. Ulifanya vizuri kuliko mimi nilivyofanya nilipokuwa na umri wako. Jumele umezipima mwenyewe, umezichomelea mwenyewe. Tulipolipandisha lile lori kwenye kichuguu na gurudumu la nyuma likaning'inia, wewe ndiye uliyelala chini. Nilikuuliza mpira uko namna gani. Nilisikia sauti yako kutoka chini ya chassis, ukisema, "Umevutika kidogo, papa, lakini itatosha. Bwana Mbewe anasubiri."

Sikukusikia wewe. Nilijisikia mimi mwenyewe, kule Uvira. Yaliyofuata unayajua, kelele na spana, na Mbewe akisema kwa Kichewa kwamba mzee huyu anaumwa. Sikuweza kukueleza pale. Nilichoweza ni kufungua jumele zako zote na kumwambia Mbewe lori halitoki hapa bila mipira mirefu. Alikasirika, akapanda basi dogo kwenda Lilongwe, akaipata Chilinde, na jana tumeifunga. Umeona mwenyewe jinsi ilivyolegea hata gurudumu liliposhuka mwisho wake. Lori lile utakalopanda kesho ni zima. Hili naweza kuliapa, ingawa unajua sasa kiapo changu kina thamani gani.

Usiku ule wa Jumanne sikulala, na Jumatano, uliponiona navaa viatu vya kanisani katikati ya wiki, nilikuwa nakwenda kwa Mama Sifa.

Nilimkuta kwenye cherehani yake, anashona pazia. Nilimwomba aache kushona kidogo. Nikamweleza yote kama nilivyokuandikia hapa, mpira, kisu, mto, baraza la wazee. Sikumwambia maneno ya mama yako, yale ya kunyamaza na mtoto mgongoni, kwa sababu hiyo ni yangu na ya mama yako. Alibaki ameshika kitambaa chini ya sindano. Nilipomaliza akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Alijua? Yeye mwenyewe, alijua freni hakuna?"

Nikamwambia alijua. Nikamweleza habari za honi, kwamba hakuiacha mpaka chini.

"Mi baliniambia alikuwa amelala juu ya usukani," akasema. "Amelewa, amelala. Njo nimeamka na hiyo kila siku." Akafikiri. "Basi alikuwa anaonya bantu."

Alilia baada ya hapo, lakini si kwa sauti. Sikujua kama nikae au niondoke. Nilimwomba msamaha, naye akainua mkono kunizuia, kama mtu anayeambiwa habari kabla ya wakati wake. Alisema msamaha tutauongea siku nyingine, au hatutauongea. Anachotaka ni kwamba niseme kanisani Jumapili, mbele ya watu wote, kwa sababu watoto wake wamekua wakiitwa watoto wa mlevi, na hapa kambini kuna watu wa Fizi wanaowaita hivyo mpaka leo. Na anataka Wilondja awepo. Wilondja yuko Madisi, anarudi Jumamosi jioni.

Nilimuuliza Wilondja atafanya nini.

"Mi nimekusikia," alisema Mama Sifa. "Yeye sijui. Siwezi kumushika mukono."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yako. Nilitegemea aniambie tuhame, au nisiende kanisani. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua. "Sema," aliniambia. "Nimechoka kuvaa nguo za yule mama. Lakini Nabintu asikuwe hapa."

Ndiyo sababu nilimpigia Mbewe. Hukufukuzwa kwa kosa lako la mpira. Umefukuzwa kwa kosa langu. Sikutaka uwe umekaa kwenye benchi la wanakwaya nikisimama, wala uwe chumba cha pili watu wakija usiku kutuuliza. Mguu wa Wilondja ulivunjwa kwa sababu ndugu yake mkubwa hakuwepo kulipa. Mimi nipo, lakini watu wakishakasirika hawachagui vizuri.

Kuna jambo moja la kazi lazima nikuandikie. Mbewe ana malori mengine mawili yaliyoinuliwa na mafundi wengine kabla yetu. Moja nimeliona Madisi mwezi uliopita, limesimama mbele ya ghala na mahindi mpaka juu. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu nikachungulia. Jumele zake ni ndefu kuliko za kwetu, na mipira ni ileile ya kiwandani. Nilimwambia Mbewe. Alisema atashughulikia baada ya mavuno. Si mtu mbaya. Patron wangu naye hakuwa mtu mbaya, na mimi pia nilidhani hivyo juu yangu. Atakutuma uende na lori lile, na utakuwa mgeni, mkimbizi, mwanamke kati ya wanaume, na watakuwa wanakusubiri wote huku injini inanguruma. Sijui utafanya nini. Mimi najua nilichofanya. Ukikataa kupanda na wakakurudisha nyumbani, sitakuuliza kwa nini.

Sikukueleza mambo haya mapema kwa sababu nilipenda jinsi ulivyokuwa unaniangalia nikiwa kazini. Hilo nalo lijue. Kila nilipokufundisha kupima mara mbili ukadhani baba yako ni fundi makini, niliona ni afadhali nife na sifa hiyo. Mama yako anasema utaniandikia. Mimi nasema labda baada ya muda. Usijilazimishe.

Nilikuwa nimepanga kufunga barua hapa.

Mama yako ameingia sasa hivi, peke yake, amekuacha sokoni unachagua begi. Hakukaa. Amesema Wilondja amerudi leo. Amemwona akishuka kwenye kabaza, baiskeli ya kukodi, mbele ya nyumba ya Mama Sifa, na usipa wake hakuushusha, umebaki juu ya baiskeli na mwenye baiskeli anangoja kulipwa. Mlango umefungwa. Mama Sifa si mtu wa kuficha kitu kwa shemeji yake akiulizwa, na ninaona mtu wa Fizi ameshamfikishia neno Madisi, kwa sababu hapa kambini kuta ni za udongo na watu wana masikio.

Mama yako anataka nisubiri Jumapili, pawe na mchungaji, pawe na watu. Nimekataa. Nimemwambia Wilondja akija hapa atatukuta sisi watatu, na wewe utakuwa umerudi na begi lako. Ni afadhali nimfuate mimi. Atauliza swali lake mara ya pili, au hatauliza, kama alivyosema. Nikipewa nafasi nitamjibu kwamba haikuwa mzima.

Barua namwachia mama yako aitie katikati ya nguo zako, uikute usiku ukipanga begi. Simu nimeiacha juu ya meza, usinipigie. Lori la Mbewe litakuwa barabarani mbele ya soko kesho saa kumi na mbili asubuhi, na ameahidi hatazima injini. Panda, hata kama sijarudi. Hata kama wamekuambia niko wapi, panda.

Papa yako